Mtoto Aliyeandikwa Amehama

Saa tatu na nusu asubuhi ya Jumatatu simu ya ofisi ya shule ililia, na karani Wanda Jurczyk akaipokea huku bado anatafuna.

"Bi Wanda, mimi Renata." Sauti ilikuwa ndogo. "Mashine yenu imenipigia sasa hivi. Inasema Keely hajafika shuleni leo."

Wanda akaacha kutafuna. Keely, binti wa Renata Novotny, alizikwa Desemba. Sasa ilikuwa Februari.

"Mungu wangu! Mashine imeharibika tena, mpenzi. Nisamehe. Naifuta namba yako sasa hivi."

"Usiifute," Renata alisema. "Imelitaja jina lake vizuri. Watu siku hizi wanaogopa kulitaja." Akakata.

Wanda alifungua daftari la mahudhurio kwenye kompyuta. Jina halikuwemo kati ya wanafunzi. Alijua halimo, maana aliyelitoa ni yeye mwenyewe.

Mji wa Brennick ulikuwa na shule nne, kiwanda cha chuma kilichofungwa, na kodi ya shule ambayo wapiga kura waliikataa mara tatu. Jimbo lilikuwa limeipa wilaya alama F, ya kufeli, miaka miwili mfululizo. F ya tatu, ruzuku inakatwa na shule mbili zinafungwa. Basi mwanzoni mwa Desemba Dakta Gerald Stroud, mkurugenzi wa elimu wa wilaya, mtu wa tai nzuri na mikono laini, alimletea Wanda orodha ya watoto thelathini na mmoja wa darasa la tatu wasiojua kusoma sawasawa.

"Waandike wamehama," alisema. "Wiki mbili tu, mtihani upite, kisha uwarudishe. Ni kwenye karatasi tu, Wanda. Siku za mtihani watoto wenyewe watakuwa maktaba wanapaka rangi."

Kwenye karatasi tu. Wezi wenye tai husema hivyo duniani kote. Wanda alikuwa amebakiza miaka miwili apate pensheni, na alikuwa na mjukuu wa kulea. Aliwahamisha wote, Keely akiwemo, kabla ya chakula cha mchana.

Siku ya nne baada ya hapo, akienda shule, Keely alikatisha kijito nyuma ya kiwanda, barafu ikavunjika. Alijivuta hadi kwenye matete, mguu umevunjika, na daktari alisema alikuwa hai mpaka karibu saa sita mchana. Mtoto asipofika, mashine humpigia mzazi saa tatu na nusu. Lakini mashine husoma daftari, na daftari lilisema Keely amehama. Mwalimu wa muda aliona kiti kitupu, akatazama daftari, akaendelea na somo. Renata alikuja kujua saa kumi na nusu jioni. Alipouliza kwa nini hakupigiwa, Wanda alimtazama machoni akamwambia mashine iliharibika.

Jumanne ofisi ilinuka tope. Fundi aliinama chini ya sinki, akapiga bomba kwa spana, akasema bomba ni kavu. Jumatano harufu ilikuwa imeshika mpaka karatasi, harufu ya majani yaliyooza chini ya maji, na Wanda alipokuwa anakunywa kahawa yake alihisi uzi wa jani kwenye ulimi.

Usiku ule, wakila makaroni na jibini, mjukuu wake Josie alisema taratibu, "Bibi, Keely amerudi."

"Nani kakwambia?"

"Anakaa nyuma yangu. Anatetemeka mpaka kiti chake kinagonga changu."

"Josie, usicheze na mambo hayo."

"Sichezi." Mtoto alishusha sauti zaidi. "Leo mwalimu alipomaliza kuita majina, Keely alisema, 'Sikuhama.' Mwalimu akauliza nani anaongea. Sote tukanyamaza."

Wanda aliinuka akafunga mlango kwa ufunguo, ingawa hakujua anamfungia nani nje.

Ijumaa matokeo yalitangazwa. Brennick imepata C. Ungedhani wamepata dhahabu. Shule nzima ilikusanywa kwenye ukumbi wa michezo, ikaletwa keki ya krimu ya bluu yenye herufi C kubwa kama godoro, na Dakta Stroud akashika kipaza sauti.

"Walisema hatuwezi!" alipaza sauti.

"Na kweli hatukuweza," Wanda alinong'ona. Mpishi aliyekuwa kando yake alicheka, akidhani ni utani.

Hapo spika za ukutani zikakwaruza. Sauti ya mtoto ilianza kusoma majina, na ilisoma kama wasomavyo wasiojua, silabi moja, kimya, silabi nyingine, kurudia, kukosea, kupumua kwa tabu kama aliyejaa maji kifuani, na kila ilipomaliza jina iliongeza neno moja ambalo ililijua vizuri sana, amehama, na Wanda akayatambua majina yale moja baada ya jingine kwa mpangilio uleule wa orodha aliyoletewa, na watoto wenyewe waliotajwa, wakiwa wameketi kwenye mabenchi, wakaanza kutetemeka meno, mmoja mmoja, kila alipofikiwa, mpaka ukumbi mzima ukawa unagonga kama mvua ya mawe juu ya bati, na jina la thelathini na moja lilipopita sauti haikukoma, ilivuta pumzi ndefu yenye mkoromo wa maji ikasoma, safari hii bila kukosea hata silabi moja: "Josie Jurczyk. Amehama."

"Nani anachezea spika?" Stroud alifoka. "Zimeni!"

Wanda alitazama benchi la darasa la tatu. Pale Josie alipokuwa pana maji tu, yanadondoka.

"Mjukuu wangu yuko wapi?" alimshika mwalimu mkono.

"Mjukuu gani, Bi Wanda?"

"Josie! Amekuwa mbele yako tangu Septemba!"

Mwalimu alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa. "Sina mtoto wa jina hilo."

Wanda alikimbilia ofisini. Kwenye kompyuta, mbele ya jina la Josie, paliandikwa: amehama, tarehe ya leo. Alifuta. Neno likarudi. Akafuta tena, likarudi tena, na maji yakaanza kupanda kati ya vitufe, meusi, baridi ya kukata vidole. Nyuma ya shingo yake mtu mdogo alikuwa anapumua.

"Unataka nini?" Wanda alinong'ona bila kugeuka. "Nichukue mimi. Yeye hakukukosea."

Pumzi tu, na meno yanagonga.

Ndipo akaelewa kwamba huyu hakuja kubembelezwa. Akalifungua jina la Keely kwenye orodha ya waliotolewa, akafuta lile neno la uongo, akaanza kuandika: Hakuhama. Nilimtoa mimi, Wanda Jurczyk, kwa amri ya Gerald Stroud, pamoja na wenzake thelathini, ili wasihesabiwe. Kwa hiyo mama yake hakupigiwa.

Stroud alitokea mlangoni, tai imepinda. "Wanda, unafanya nini? Ukituma hiyo jimboni tumekwisha! Ruzuku, shule, pensheni yako!"

"Nyamaza, Gerald."

"Mtoto alishakufa! Hii itamsaidia nani?"

"Nimesema nyamaza!"

Akatuma. Kisha akapiga simu nyumba ya wazee, mitaa miwili kutoka pale, ambako Renata alifanya kazi, akamwambia yote bila kupamba. Hakusema samahani mpaka mwisho, kwa kuwa samahani ikitangulia huwa inaomba kitu.

Wanda alisikia Renata akisukuma kiti nyuma. "Nakuja," alisema.

Wanda alipoweka simu, kabati la karatasi lilifunguka. Josie alitoka, amelowa mpaka magotini, midomo ya bluu.

"Keely alinishika mkono," alisema. "Alisema tungoje mpaka mtu apige simu."

Wanda alimfunika kwa koti lake, akalia bila sauti. Stroud aliwatazama, akatazama maji sakafuni, akageuka kuondoka haraka. "Nawapigia mawakili," alisema. "Mtanijua."

Renata aliingia bado amevaa sare ya kazi. Hakumpiga Wanda, hakumtukana. Alipita moja kwa moja mpaka dirishani, kana kwamba ameitwa.

Nje, Stroud alikuwa anawasha gari. Kwenye kiti cha nyuma aliketi msichana mdogo wa koti la zambarau, nywele zimemganda usoni, ameinama mbele, mikono miwili juu ya mabega ya dereva. Stroud alijipangusa shingo, mara moja, mara mbili, kama mtu aliyedondokewa na maji.

"Hajafunga zipu ya koti lake," Renata alisema.

"Nimpigie kelele ashuke?" Wanda aliuliza. "Barabara ile inapita juu ya kijito."

Gari lilitoka langoni taratibu. Renata aliweka kiganja kwenye kioo, na uso wake ulikuwa mtulivu kwa mara ya kwanza tangu Desemba.

"Mwache mtoto amalize kazi yake," alisema.

Wanda akateremsha pazia.