Kikombe cha Fundi Osea

Msimu wa kahawa ukianza Hasamba, uvivu unahama kijiji. Asubuhi watu wako shambani wanachuma kahawa mbivu, nyekundu tupu. Jioni mashine za kumenya zinanguruma huku na huku. Kahawa iliyochumwa leo inamenywa leo. Ikilala kwenye gunia inachacha, na jasho lote limepotea.

Fundi wa mashine hizo ni Osea. Goodness, binti wa kaka yake, alikuwa akijifunza kazi kwake tangu msimu uliopita. Aliipenda kazi ile kuliko chakula. Lakini kila alipogusa spana, Osea alimnyang'anya.

"Lete huku, mwanangu! Utatuchelewesha."

Basi Goodness akabaki kuosha nati na kushika tochi.

Siku moja mashine ya jirani yao, mama Ikupa, ikaanza kuvunja punje. Mama Ikupa ni fundi cherehani, na wasichana wengi wamejifunza kushona kwake. Uani kwake magunia yalikuwa yamejaa, na Osea alikuwa ameenda Vwawa kutafuta vipuri. Wakampigia simu.

"Si Goodness yupo hapo?" akasema. "Airekebishe yeye."

Goodness akaidaka spana. Hatimaye! Akakaza nati ya kushoto. Punje zikavunjika zaidi. Akaikaza tena. Sasa zikatoka chenga tupu.

Osea akafika na bodaboda, akaruka chini kabla haijasimama vizuri.

"Mungu wangu! Muda wote huo uko na mimi, hujui hata hili? Lete spana!"

"Fundi, ngoja," akasema mama Ikupa. "Muda wote huo, spana ilikuwa mkononi mwa nani?"

Osea akaitazama mikono yake, nyeusi kwa grisi.

"Mimi nikikaa kwenye cherehani nikamshonea mwanafunzi, anayejifunza ni mimi. Namwonyesha. Namwuliza. Kisha namwacha ashone mwenyewe. Akikosea, tunafumua."

"Na kahawa yako ikichacha, mama?"

"Ni yangu, na jua bado lipo. Shika hiki." Akamtia mikononi kikombe cha uji wa moto, kimejaa hadi ukingoni. "Mikono miwili, kisimwagike!"

Watu wakaangua kicheko. Osea akakaa juu ya gunia, kikombe mikononi.

"Haya, mwanangu," Osea akasema. "Kabla ya kugusa mashine, unafanya nini?"

"Nazima injini."

"Vizuri. Punje zilizovunjika zimetokea upande gani?"

Goodness akainama, akatazama. Hakuwahi kuulizwa swali kama hilo.

"Kushoto!"

"Kwa nini?"

"Bamba limebana ngoma ya kumenyea upande huo. Na mimi nimezidi kulibana!"

"Basi?"

"Nilegeze kidogo. Halafu nijaribu na konzi moja ya kahawa, siyo ndoo nzima."

Akalegeza, akasogea, akawasha injini. Konzi ya kwanza ikapita na maganda yake. Osea akanyanyuka, uji ukamwagikia goti.

"Mikono, fundi!" mama Ikupa akamkemea.

"Nimelegeza mno," Goodness akasema mwenyewe. Akazima, akakaza kidogo sana, akawasha tena.

Punje zikateleza nje, nyeupe, nzima, zinang'aa!

"Zimetoka! Baba mdogo, zimetoka!"

Vigelegele vikapasua uwanja. Osea alipiga makofi, kikombe kikaenda chini, na hakuna aliyejali. Kabla giza halijaingia, magunia yote yalikuwa yamemenywa.

Tangu siku ile Goodness ndiye anayeshika spana, na Osea ndiye anayeuliza. Msimu uliofuata walikuwa wakihudumia vijiji viwili kwa wakati mmoja, kila fundi na mashine yake.

Kisha akaja mwanafunzi mpya, Rozi. Siku ya kwanza akahangaika na nati, akiizungusha kinyume. Mkono wa Goodness ukachomoka wenyewe.

"Lete hu..."

Akajiuma ulimi. Akageuka kumtafuta Osea.

"Baba mdogo, uji upo?"

Osea alicheka hadi machozi. Akamletea kikombe, kimejaa hadi ukingoni.

"Mikono miwili," akamwambia.