Pesa za Patson

Clotilde alizaliwa Kilwa, ng'ambo ya Ziwa Mweru, upande wa Zaire. Aliolewa Nchelenge na Mzambia aliyeitwa Patson. Kila asubuhi alishuka ufukweni Kashikishi kununua chisense, wale samaki wadogo kama kidole cha mtoto. Aliwaanika juu ya mchanga, akawageuza kwa ufagio wa majani, akafukuza kunguru. Wakikauka aliwatia maguniani. Wachuuzi wa Zaire walivuka ziwa kuja kuwanunua, nao walimpenda kwa sababu alisema Kiswahili chao.

Patson hakuwa mvuvi. Alifanya kazi chini ya ardhi, katika mgodi mmoja wa shaba huko Copperbelt. Alirudi nyumbani mara moja kwa mwaka na blanketi, sukari na hadithi nyingi. Mtoto wao wa pekee, Febby, alikuwa shuleni. Mama yake Patson, Dorica, alikaa ua uleule. Dorica aliwauzia watu wa Zaire samaki tangu ujana wake, kwa hiyo yeye na mkwe wake walizungumza Kiswahili.

Mvua za mwaka 1974 zilipoanza, lori la mgodi lilileta jeneza. Jiwe lilikuwa limeanguka huko chini. Watu wa mgodi walikataa jeneza lifunguliwe. Dorica alikaa kando yake, akalipapasa kutoka mwisho huu hadi mwisho ule.

"Mutoto yangu alikuwa murefu," alisema. "Hili sanduku ni fupi."

Walimzika Patson siku hiyohiyo, na mvua ikanyesha juu ya udongo mbichi.

Miezi ikapita. Mvua zilipokaribia kwisha, Clotilde aliitwa kwenye ofisi ya wilaya. Mgodi ulikuwa umeleta hundi ya fidia yake na ya mtoto, karibu kwacha elfu moja na mia tatu. Hakuwahi kushika pesa nyingi namna hiyo. Alikunja ile karatasi, akaifunga katika ncha ya kitenge.

Habari hazifichiki. Siku ya pili tu, shemeji yake Lackson alikuja. Lackson alikuwa mdogo wake Patson, mvuvi asiyekuwa na mashua yake mwenyewe.

"Mulamu," alisema, yaani shemeji, "tununue bwato, mashua ya motere. Patson mwenyewe alikuwa anaitaka. Nitavua, tutagawana."

"Sijui, mulamu. Uniache kwanza."

"Kukuacha mpaka lini? Hizi pesa, hizi falanga, ni za ndugu yangu."

Baada ya Lackson alikuja mjomba. Baada ya mjomba walikuja watu ambao hata msibani hawakufika. Mmoja alitaka baiskeli. Mwingine alitaka kufungua duka, akaahidi kurudisha mara mbili. Clotilde alimjibu kila mmoja neno lile lile: sijui. Ni kweli hakujua. Kila alipofikiria zile pesa aliona jeneza fupi.

Mchana wa Jumatano na Ijumaa wanawake walijifunza kusoma na kuandika katika jengo la kanisa. Mwalimu wao alikuwa Matildah, mfanyakazi wa maendeleo ya jamii. Mama yake alitoka Pweto, upande wa Zaire, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani kwao. Ijumaa moja alisimama nyuma ya Clotilde akatazama daftari lake.

"Mama Febby, nilisema uandike jina lako. Umejaza ukurasa muzima na jina la bwana yako."

Clotilde aliweka kalamu chini. Wenzake walipoondoka, yeye alibaki. Alimweleza Matildah kila kitu, halafu akafungua ncha ya kitenge.

Matildah aliisoma hundi. "Hii umeitembeza tangu lini?"

"Wiki ya tatu sasa."

"Ikiloana? Ikiibwa?"

"Bora iibwe," Clotilde alisema. "Nikimupa Lackson, mama mukwe ataona nimetupa damu ya mutoto yake. Nikijenga nyumba, batu banasema mujane anafurahi. Sina akili ya kuamua, mwalimu. Kichwa yangu iko kaburini."

Matildah alivuta kiti akakaa karibu naye. "Basi usiamue. Mutu mwenye musiba asiamue mambo ya falanga nyingi. Lakini uiweke mahali ambapo hakuna atakayeigusa, hata wewe. Kuna karatasi ya serikali. Kizungu wanaiita treshari bili. Sisi tuseme hati ya Hazina."

"Inafanya nini?"

"Serikali inalipa walimu na dawa kila mwezi. Lakini kodi zinaingia kidogo kidogo, na zingine zinachelewa. Kwa hiyo inakopa kwa miezi mitatu. Wewe unaikopesha. Kwa mufano, unatoa kwacha tisini na tisa leo. Miezi mitatu ikiisha, inakulipa mia. Ile moja ya juu ndiyo faida yako."

"Faida ndogo."

"Ndogo sana. Haitakufanya tajiri, na mutu akikuambia itakufanya tajiri, anakudanganya. Lakini serikali imeahidi kulipa, na siku ya kulipa imeandikwa."

Clotilde alifikiri. "Na Febby akiugua katikati?"

"Hilo ni swali muzuri. Usiweke zote. Kuuza hati kabla ya siku yake ni kazi, na unaweza kupata hasara. Zingine ziache katika kitabu cha akiba banki, uzitoe unapotaka. Kwenye hati weka zile tu ambazo hutazihitaji mpaka siku ile."

Wiki iliyofuata walipanda basi pamoja kwenda Mansa, mji mkuu wa mkoa, kwenye benki. Clotilde alifungua akaunti kwa jina lake. Aliandika jina hilo mwenyewe, polepole, karani akisubiri. Hundi ilipokwisha kulipwa, benki ilimwombea hati ya kwacha elfu moja. Zilizobaki zilikaa katika kitabu cha akiba. Alirudi Nchelenge bila pesa mwilini, akalala usingizi wa kwanza mrefu tangu msiba.

Lackson alipopata habari alisimama katikati ya ua. "Umewapa serikali falanga za ndugu yangu?"

"Nimewakopesha, mulamu. Miezi mitatu zinarudi na kitu juu yake."

"Na kitu juu yake," Lackson alirudia. Aliondoka bila kuaga.

Kosa la Clotilde lilikuwa maneno hayo machache. Katika mkoa huo wa Luapula watu husema kuna nyoka aitwaye ilomba. Mtu mwenye tamaa humfuga kwa siri. Nyoka humletea pesa, pesa zikaongezeka zenyewe, lakini naye hudai ndugu wa kumeza. Kabla ya mwezi kwisha, ufuko mzima ulikuwa unanong'ona. Patson amekufa. Mke wake ana pesa. Pesa zinazaa bila kazi. Kila mtu alijijazia mwenyewe lililobaki.

Wanawake walioanika samaki karibu naye walihamisha samaki wao. Hakuna aliyemtukana. Walihama tu, leo mmoja, kesho mwingine, mpaka mchanga uliomzunguka ukabaki mtupu. Wavuvi walimwambia chisense zimekwisha, na ndoo zilikuwa zimejaa machoni pake. Febby alirudi kutoka shuleni na gauni limechanika bega. Hakutaka kusema kwa nini. Clotilde alianza kuifikiria Kilwa. Angeweza kuvuka ziwa na mtoto wake. Lakini kaburi lilikuwa upande huu.

Alasiri moja upepo ulikuwa mkali ziwani, mashua hazikutoka. Dorica alikuja akasimama mlangoni. Hakutaka kukaa.

"Clotilde," alisema. Siku zote alimwita Mama Febby. "Nijibu. Mutoto yangu, ulimuuza?"

Clotilde alisimama mbele yake. "Hapana, mama."

"Basi ile falanga inazaa namna gani? Mbuzi inazaa, iko na dume. Muhogo inaota, iko na udongo. Falanga iko na nini?"

Clotilde alitamani Matildah awepo. Lakini Matildah hakuwepo, na mama mkwe alikuwa anasubiri. Akatafuta maneno yake mwenyewe.

"Mama, unamukumbuka Hippolyte, muchuuzi wa Pweto? Ile mwaka alikuja bila falanga, ukamupa magunia ya samaki."

"Ninamukumbuka."

"Alirudi kulipa?"

"Alirudi. Alilipa yote, akaniongezea chumvi."

"Ile chumvi, nani alikufa juu yake?"

Dorica aliegemea ukuta.

"Serikali ni kama Hippolyte, mama. Inangojea kodi yake. Leo haina ya kutosha, imechukua yangu, inafanya nayo kazi. Ikirudisha, inaongeza chumvi kidogo. Patson hayuko ndani yake. Patson alikufa kwanza, falanga zikakuja nyuma. Mimi ningezirudisha zote leo kama wangenirudishia yeye."

Upepo ulipiga bati la mlango. Dorica aliangalia miguu yake.

"Na siku ya kurudisha," aliuliza, "hakuna mutu anakufa?"

"Twende pamoja, uone na macho yako."

Siku ilipofika walikwenda Mansa, wanawake wawili wenye vitambaa vyeusi kichwani. Safari ilikuwa ndefu na hawakuzungumza sana. Benkini, Dorica alikataa kukaa kwenye benchi. Alisimama mbele ya karani.

"Huyu ni mukwe yangu. Nataka kuona kile kimezaliwa."

Karani alielewa Kiswahili kidogo. Aliwaonyesha hesabu. Kwacha mia tisa na tisini zilitoka. Kwacha elfu moja zimerudi.

"Iliyozaliwa ni ngapi?"

"Kwacha kumi, mama."

"Kumi tu?" Dorica alimgeukia Clotilde. "Ilomba haiwezi kumeza mutu juu ya kwacha kumi." Alicheka kicheko kikavu, mara kikakatika.

Clotilde aliomba hati nyingine ya miezi mitatu. Zile kumi walinunulia unga na sabuni, wakarudi nyumbani.

Asubuhi iliyofuata Dorica alishuka ufukweni na ufagio wake. Alitandaza samaki wake pembeni ya samaki wa Clotilde, pale penye mchanga mtupu. Mwanamke mmoja alimwita kando, akamuuliza kama haogopi.

"Nilikwenda Mansa," Dorica alisema kwa sauti ya kusikika. "Nimeona. Mukwe yangu alikopesha serikali, serikali imelipa. Mutoto yangu aliuliwa na jiwe. Mukitaka kumuhukumu mutu, muhukumuni lile jiwe."

Baadhi ya wanawake walirudi. Wengine hawakurudi, wala hawatarudi. Uvumi ni kama harufu ya samaki katika nguo, haitoki kwa kufua mara moja.

Mwaka huo bei ya shaba ilianguka. Dukani mafuta ya kupikia yaliadimika na bei za vitu zilipanda. Matildah hakumficha Clotilde jambo hilo.

"Bei zinakimbia kuliko faida yako," alimwambia. "Hati inalinda falanga zisiliwe na zisipotee. Haizuii bei. Musiba ukiisha, uzipe kazi."

Novemba ilipofika, mwaka wa msiba ulitimia. Hati ya mwisho ililipwa. Jamaa walikutana katika ua wa Dorica, na safari hii Clotilde aliweza kusema. Kichwa chake kilikuwa kimetulia, na pesa zilikuwepo zote. Alisema sehemu kubwa ni ya masomo ya Febby, kwa sababu sheria ilizitoa kwa mjane na mtoto. Sehemu nyingine ingeezeka kwa bati nyumba ya Dorica, ambayo ilivuja. Lackson angepata nyavu mbili mpya, lakini siyo mashua. Zilizobaki zingekaa katika kitabu cha akiba kwa ajili ya ugonjwa.

Mjomba alinung'unika. Dorica alimtazama, mjomba akaacha. Lackson alizipokea nyavu bila kushukuru. Baadaye alihamia Puta, ufukwe mwingine wa ziwa hilohilo, kuvua huko, na kwa muda mrefu hakutuma salamu.

Matokeo ya mtihani wa darasa la saba yalipotoka, Febby alichaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Ada ililipwa siku ya kwanza. Walimnunulia blanketi, viatu na sanduku la bati. Asubuhi ya mvua nyepesi mama na bibi walimpeleka kituoni. Febby alilia dirishani, basi likaondoka, na matope yakabaki barabarani.

Waliporudi, ua ulikuwa kimya. Samaki walingoja kuanikwa, lakini Dorica hakushika ufagio. Mwaka mzima kila mmoja alikuwa amelia peke yake, nyuma ya ukuta wake, kwa sababu pesa na mashaka vilikaa kati yao.

"Mama Febby," Dorica alisema, "falanga zimepata kazi yao. Hakuna tena kitu cha kugombania. Njoo sasa, tumulilie mutu yetu."

Clotilde alitandika mkeka ndani kwa Dorica, chini ya bati jipya. Wakakaa wote wawili. Dorica akaanza kumwita Patson kwa jina alilopewa siku ya kuzaliwa, na Clotilde akaitikia.