Mama Mkwe Niliyemrekodi Akiiba Dizeli

Ile video wengi mmeiona.

Mama mtu mzima, mtandio begani, kainamia injini ya pikapu alfajiri, mikono inang'aa dizeli. Halafu nyuma ya simu sauti ya mwanaume inapasuka...

"Kumbe mwizi ni wewe!"

Yule mama ni mama mkwe wangu. Sauti ile ni yangu, na aliyeshika simu ni mimi.

Najua mmecheka sana. Mpaka stika mmemtengenezea. Leo naombeni mnisikilize mpaka mwisho, maana ukweli nimeujua nimeshachelewa.

Kazi yangu ni kusambaza mikate. Alfajiri nachukua mzigo kiwandani, nazungusha madukani kabla watu hawajaamka kunywa chai. Natumia pikapu moja ya dizeli, kuukuu kwelikweli, boneti nimelifunga kwa waya kwa sababu kitasa chake kilishakufa. Lakini nalipenda lile gari, jamani. Wapangaji wenzangu hunitania kwamba nina wake wawili, na bi mkubwa ni pikapu.

Mama mkwe alikuja kukaa kwetu baada ya kufiwa na mumewe, aliyekuwa dereva wa malori maisha yake yote. Mama mpole, hana makuu. Ukiamka unakuta uani pameshafagiliwa.

Jioni moja tunakula, akasema taratibu, macho yake kwenye sahani.

"Baba, hilo gari asubuhi linawaka kwa shida. Mimi nahisi linavuta hewa."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Mama wa watu, eti gari linavuta hewa! Nikamwambia mambo ya gari atuachie sisi wenyewe, tena nikaongeza kwamba sitaki mtu yeyote aliguse.

Akajibu, "Sawa, baba." Mke wangu akanikata jicho, nikajifanya sioni.

Na kweli lilikuwa linasumbua. Stata inazunguka weee, mpaka majirani wanaamka, ndipo lishike. Likishawaka halina shida tena kutwa nzima. Lakini baada ya jioni ile, ghafla likatulia. Nagusa ufunguo tu, limeshika. Nikatamba mbele ya mke wangu: unaona sasa, gari langu zima, mama yako ana maneno tu.

Hapo hapo nikagundua dizeli inapungua. Najaza jioni, asubuhi mshale umeshuka kidogo. Tangi lina mfuniko wa ufunguo, na ufunguo nalala nao. Nikapiga hesabu zangu za kijinga, nikaona mwizi lazima anatolea kwenye injini. Nikaanza kumtazama kila mpangaji kwa jicho la pembeni.

Basi alfajiri moja tumbo likanikoroga, nikatoka mapema kuliko kawaida. Nikaona kitochi kinamulika kwenye gari. Sikupiga kelele. Nikatoa simu, nikaanza kurekodi, nikasogea kwa kunyata.

Kilichofuata mnakijua. Mama alishtuka mpaka kitochi kikamdondoka.

"Baba, nilikuwa nataka liwake..."

"Liwake au liishiwe dizeli?"

Milango ikafunguka, watu wakatoka na mashuka. Kwa hasira nikaingia mpaka chumbani kwake, chumba cha mama mkwe, jamani, mahali ambapo sikuwahi hata kuchungulia. Nikapiga goti, nikatazama chini ya kitanda. Dumu la dizeli, karibu nusu.

Nilitoka nalo nimelinyanyua juu kama kombe la mpira. Mama akalitazama lile dumu, akamtazama binti yake, akainama kuokota kitochi chake.

Mke wangu akauliza kitu kimoja tu. "Lakini umemuuliza?"

Nikamwambia dumu limeshajibu.

Asubuhi ile ile mama akafunga begi lake dogo, akaenda kwa mwanawe wa kiume. Mke wangu akambebea begi, na yeye hakurudi. Mimi, kwa kiburi, nikaitupa video kwenye kundi la familia, asije mtu akasema nimemfukuza mama wa watu bila sababu. Kutoka pale ikawafikia ninyi.

Kesho yake nikaingia kwenye gari, nikazungusha ufunguo.

Stata ikazunguka. Ikazunguka. Injini haishiki. Nilihangaika mpaka betri ikachoka, nikaomba watu wanisukume, mikate ikafika madukani watu wameshakunywa chai kavu.

Mnajua nilifanya nini? Nikampigia mke wangu. Nikamwambia amuulize mama yake amenyofoa nini kwenye gari langu kabla ya kuondoka.

Akasema, "Mume wangu, sasa nimekuogopa." Akakata.

Nikanunua betri mpya. Gari likawa vile vile. Nikabadilisha na plagi za kupasha moto injini, nazo hazikusaidia. Mwishowe nikamwita fundi mmoja tunayemwita Pole, kwa sababu kila gari akilifungua boneti analipa pole kwanza kama mgonjwa.

Pole hata betri hakuigusa. Aliniuliza kama linasumbua mchana. Nikamwambia hapana, ni likilala tu. Akatikisa kichwa, akachukua kipande cha mpira unaoonyesha ndani, akakiunga kabla ya filta ya dizeli, akaniambia nipige stata.

Ndani ya ule mpira dizeli ikaja na mapovu. Mapovu matupu.

"Linavuta hewa," akasema.

Yalikuwa maneno yale yale ya mama, niliyoyacheka mpaka nikapaliwa.

Pole akaingia chini ya gari, akaniita nijionee. Mpira unaotoka kwenye tangi ulikuwa umepasuka. Akanieleza kwamba tangi likijaa, dizeli inatona pale. Gari likilala, hewa inaingia na dizeli inarudi tangini, asubuhi injini inazungushwa haina cha kunywa. Dawa ya haraka ni ile pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta. Unaibonyeza mpaka iwe ngumu, ndipo unawasha.

Nikamwambia sijawahi kuibonyeza hata siku moja.

Akaitazama ile pampu. Injini nzima ilikuwa vumbi na masizi, lakini kichwa cha pampu kilikuwa safi, kimelainika kwa kidole gumba.

"Basi kuna mtu anakubonyezea," akasema. "Na huyo huyo ndiye aliyekuwekea hili."

Chini ya ule mpira uliopasuka kulikuwa na kopo, limejaa dizeli mpaka linafurika. Lilikuwa limefungwa kwa kipande cha kitambaa. Nilikijua kile kitambaa. Ni pindo la ule mtandio mliouona kwenye video.

Alikuwa ananikingia dizeli isimwagike! Anaihifadhi kwenye dumu, kwa sababu ufunguo wa tangi nalala nao mimi, na nilishasema gari lisiguswe. Angenirudishiaje?

Nikakaa chini kwenye tairi la akiba. Pole akafuta mikono, akasema, "Pole." Safari hii hakuwa analiambia gari.

Jioni nilijifungia ndani, nikafungua ile video, nikapandisha sauti mpaka mwisho. Na ninyi fanyeni hivyo, kila mtu anayo kwenye simu yake. Kabla sijapiga ukelele, sikilizeni. Kwanza utasikia kwi, kwi, kwi, ile pampu inabonyezwa. Halafu utamsikia mama anaongea na gari kwa sauti ya chini.

"Waka basi... waka, mwanangu asichelewe kazini."

Mwanangu ni mimi. Yule aliyekuwa nyuma yake ameshika simu.

Nilikwenda kwa shemeji yangu siku iliyofuata. Mama alinipokea sebuleni, akaniletea maji ya kunywa kama mgeni wa heshima. Nilipiga magoti, nikamwambia yote. Alisikiliza bila kunikatisha. Akanieleza kwamba lori la marehemu nalo lilikuwa na ugonjwa huo huo, na yeye ndiye aliyekuwa akibonyeza pampu huku mumewe amekaa kwenye usukani. Alishazoea. Hakuona kama ni jambo la kunisumbua nalo mara mbili.

Kisha akauliza, "Mpira umeshabadilisha?"

"Nimebadilisha, mama."

"Vizuri. Basi hutachelewa."

Afadhali angenitukana. Nililia pale kwenye zulia kama mtoto aliyepigwa. Nikamwomba arudi nyumbani, yeye na binti yake.

Akatafakari, kisha akasema kwa upole ule ule, "Baba, jina langu uliliharibu mbele ya watu nisiowajua. Samahani ya sebuleni nitaipeleka wapi?"

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakunitetea, na alikuwa na haki.

Ndiyo maana niko hapa. Simu ile ile, watu wale wale. Mama mkwe wangu si mwizi. Kama uliisambaza ile video, sambaza na haya. Na wewe mwenye simu mkononi muda wote, kabla hujarekodi mtu, muulize. Mimi swali moja tu lingenitosha, na hata jibu nilishapewa mezani, nikalicheka.

Gari siku hizi linawaka ukigusa. Kila alfajiri likiwaka hivyo natoka kwenda kazini roho inaniuma, na uani hakuna aliyefagia.

Mama, kama haya yatakufikia... dumu lako nimelirudisha chini ya kitanda, pale pale. Sijalimimina. Ufunguo wa tangi nimeuweka juu ya mto wako.