Namba ya Pampu

Kila alipotoka shuleni, Kwanini alinawa mikono, akaingia chumba cha nyuma na kusoma kipimajoto cha mashine ya kutotolea mayai. Jina lake la daftarini lilitumiwa na mwalimu tu. Nyumbani na mtaani walimwita Kwanini, kwa sababu hakuna kitu alichokipita bila kukiulizia. Siku hiyo kipimajoto kilisoma thelathini na saba na nusu, sawasawa kabisa. Mayai mia tatu yalikuwa yamefikisha siku ya kumi, na vifaranga huanguliwa siku ya ishirini na moja.

"Umeme ukikatika kama mwezi jana, nimekwisha," Mama alisema. "Nikipoteza na haya, mashine naiuza."

Kwanini aliumia moyoni. Mwezi uliopita alimwona mama yake akifukia mayai yaliyopoa.

Baba akaamua wanunue jenereta. "Tuchukue lile kubwa kuliko yote! Tuwashe mtaa mzima!"

"Kwa nini kubwa?" Kwanini aliuliza.

Baba akampeleka na swali lake kwa fundi wa majenereta, mzee mpole ambaye miwani yake ilishikiliwa na uzi.

"Kubwa likipewa kazi ndogo linakunywa petroli bure," fundi alieleza. "Dogo nalo ukilibebesha kupita kiasi, linagoma. Binti, kasome kibandiko cha kila kifaa, uniandikie wati zake. Mimi nitaongeza za kuanzia, maana kitu chenye mota kinapoamka hutaka nguvu mara mbili au tatu."

Hiyo ndiyo kazi aliyoipenda Kwanini! Alizunguka nyumba nzima na tochi na daftari, akitambaa nyuma ya vitu. Mashine ya mayai, mia mbili. Friji, mia moja na hamsini. Alishangaa kuona pasi, kitu kidogo vile, inataka elfu moja. Ikabaki pampu ya nje, iliyojiwasha yenyewe kila maji ya kuku yalipopungua tangini. Kibandiko chake kilitazama ukuta, na hapohapo nyigu walikuwa wamejenga. Alichungulia. Nyigu mmoja akamzunguka sikio, naye akatoka mbio asiangalie nyuma. Huku akihema, akaandika: Pampu, 200.

"Mia mbili tu?" fundi aliuliza kesho yake.

"Ndiyo," alijibu Kwanini, akitazama viatu vyake.

Fundi akapiga hesabu, pasi akaiacha nje ya hesabu, akawachagulia na kuwauzia jenereta la wati elfu moja na mia tano.

Siku ya kumi na tisa, Jumamosi saa nne asubuhi, umeme ukakatika. Baba akavuta kamba ya jenereta lililokaa uani, mbali na madirisha, na taa zikawaka. Wote wakapiga makofi. Haikupita dakika tano, swichi ya usalama ya jenereta ikaruka, taa zikazimika. Baba akairudisha, ikaruka tena. Kipimajoto kikashuka hadi thelathini na sita. Mama akaifunika mashine kwa mablanketi.

Baba akampigia fundi simu, akafoka: "Umetuuzia takataka!"

Fundi alifika upesi na sanduku lake. Akalizima jenereta, akanusa petroli, akafungua plagi ya injini, akaisugua. "Mafuta safi, plagi safi," alisema, jasho likimtoka. "Mbona sioni kosa?"

"Kosa ni kumwamini tapeli," Baba alisema.

Mzee wa watu akainamisha kichwa. Kwanini alikimbia ndani kuangalia kipimajoto: thelathini na tano. Akarudi mbio uani.

"Siyo fundi, ni mimi," alisema. "Namba ya pampu niliibuni. Niliogopa nyigu."

Fundi hakupoteza muda. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akaizima pampu iliyokuwa ikililemea jenereta. Baba, kwa haraka na aibu, akanyakua dumu la petroli ili alijaze jenereta, lililokuwa karibu kuishiwa.

"Ngoja! Injini bado ya moto," fundi alimzuia. "Petroli ikimwagikia hapo, inalipuka. Iache ipoe kwanza."

Wakasubiri dakika kumi na tano, na Kwanini alizihesabu zote akiwa ameyakumbatia mablanketi. Kisha wakajaza na kuwasha. Swichi haikuruka tena.

Jumatatu, mayai mia mbili na sitini yalianguliwa. Mengine hayakuanguliwa, na Kwanini alijua sababu. Wiki hiyo aliwabebea kuku maji kwa ndoo bila kutumwa.

Baba alikuwa amekwisha kumwomba fundi radhi. Mzee alipokuja kuona vifaranga, Kwanini alimsogelea.

"Fundi, kwa nini hukunigombeza?"

"Nilikasirika, usidhani," alijibu. "Lakini ungenyamaza, saa ile ningekuwa nafungua injini nzima, na mayai yote yangepoa. Ukweli wako ndio uliowaokoa hawa. Siku nyingine usipojua, andika 'sijui'. Mtu akiliona neno hilo atakuja mkaangalie pamoja. Ukibuni namba, wote tunadhani kazi imekwisha."

Mama akatikisa kichwa kukubali. Mashine yake ilikuwa imejaa mayai mapya.

Kwanini akafungua daftari, akaikata ile 200, akaandika pembeni yake: Sijui. Kisha akaenda kumwita Baba, wakawafukize nyigu.