Ndoo Ishirini za Zege

Nyuma ya nyumba palikuwa na shimo la zamani, lililochimbwa udongo wa matofali. Mvua zililijaza. Asubuhi maji yalitoa ukungu mweupe, na mawingu yakaelea ndani yake kama yamelala. Mtoto aliyeanza kutembea juzijuzi alipenda kuyaendea. Nyumbani walimwita Kibata.

"Leo tunaweka uzio," Baba alisema.

Alikuwa amechimba mashimo kumi ya nguzo. Alisimamisha nguzo kwenye shimo moja, akalijaribu kwa mchanga. Likameza ndoo mbili. Kumi mara mbili, ishirini. Basi akapima ndoo ishirini za saruji, mchanga na kokoto, akachanganya na maji, akamwaga.

Mashimo sita tu yalijaa. Zege likaisha.

"Limekwenda wapi?" Baba aliuliza, kama mtu aliyeamshwa ghafla.

"Labda ardhi imelinywa," Mama alisema. Akageuka. Kibata alikuwa ameshapita penye mashimo matupu. Vidole vyake vya miguu vilikuwa majini! Mama alimnyakua.

Shangazi, dada yake Baba, ni fundi mwashi. Baba alimwita. Alipofika alicheka.

"Kaka, nani kakuibia zege?"

"Utanicheka baadaye. Mtoto nusura azame."

Shangazi akaacha kucheka. Akajaza kokoto kwenye kikombe mpaka juu, kisha akamimina mchanga polepole. Mchanga ukapotelea katikati ya kokoto. Kikombe hakikufurika.

"Umeona, wifi? Mchanga unajificha kwenye nafasi za kokoto. Saruji nayo inajificha kwenye nafasi za mchanga. Ndoo tatu kavu zinatoa ndoo mbili tu za zege."

Mama alihesabu kwa vidole. "Mashimo manne yanataka ndoo nane za zege. Kwa hiyo tupime kumi na mbili kavu?"

"Hapo sasa! Saruji mbili, mchanga nne, kokoto sita. Kaka, umeoa akili."

Safari hii zege lilitosha, hata likabaki kidogo. Waliliacha likomae siku kadhaa, ndipo wakavuta wavu.

Asubuhi moja Kibata alikwenda tena kwenye ukungu wake. Wavu ukamzuia. Akausukuma kwa mikono yote miwili. Nguzo hazikutikisika. Akaangua kilio, akamtazama Mama kwa hasira.

"Amekununia, Mama Kibata," Baba alisema. "Hebu mwombe radhi."

Mama alimfuta mtoto machozi.

"Siombi."