Goti la Hatibu na Nguzo ya Buluu

Mizani ya Ligi haikuwa na sahani wala mawe. Ilikuwa nguzo ya kioo iliyosimama mbele ya uwanja wa Mkonge Nyota, jijini Tanga, na ndani yake mwanga wa buluu ulipanda na kushuka kufuatana na mikataba. Akili bandia ya Ligi ilisoma mkataba wa kila mchezaji, ikajumlisha mishahara, ikainua mwanga. Juu kulikuwa na mstari mweupe, ndicho kikomo cha mishahara. Buluu ikivuka mstari huo, lango la wachezaji halifunguki, hata kama mashabiki wameshajaa uwanjani. Ilibuniwa ili klabu tajiri zisizimeze nyingine. Watu wa Tanga, ambao hawakosi la kusema, waliiita Mama Mkwe, kwa sababu ilijua kila kinachoingia ndani ya nyumba na haikuridhika hata siku moja.

Hatibu Shekivuli, mshambuliaji, alikuwa mzigo mkubwa kuliko wote ndani ya nguzo hiyo. Alipoumia goti kabla ya masika, buluu ilishuka ghafla, maana kanuni ilisema mshahara wa majeruhi wa muda mrefu haujumlishwi. Klabu inaendelea kumlipa, lakini Mizani haimwoni. Nafasi iliyopatikana Mkonge Nyota waliijaza kwa winga mmoja, Twalibu, mdogo wake Hatibu wa tumbo moja. Mama yao alilia siku ya kusaini, akasahau kabisa pilau jikoni ikaungua.

Kwa kuwa ndugu hao waliishi pamoja, klabu ilimteua Twalibu awe msimamizi wa majeruhi. Kila asubuhi alimfunga kaka yake gango, kifungo chembamba cha goti kilichojaa vihisi, akaliwasha, na jioni alilifungua kwa kidole gumba chake. Hakuna kidole kingine kilichoweza kulifungua, hata cha Hatibu mwenyewe. Gango lilituma habari za goti kwa kipimamwili, mashine ya klabu ya kukagua afya za wachezaji, kisha likatamka hukumu kwa sauti ya upole: "Kano haijaunga. Pumzika."

Maumivu yalikuwa yamekwisha zamani. Hatibu aliambiwa asidanganyike na hilo, kwamba goti linaweza kukaa kimya huku ndani linachanika, na kwamba mashine inaona asichokihisi yeye. Aliamini. Nani angebishana na mashine?

Halafu lifti ya jengo lao ikaharibika, na gesi ikaisha mchele ukiwa jikoni. Twalibu alikuwa mazoezini. Hatibu alijitwika mtungi mpya begani, akapanda ngazi mpaka ghorofa ya tisa bila kupumzika. Alipofika mlangoni kilichomuuma kilikuwa bega. Goti lilikuwa zima, tena lilikuwa na hamu. Alisimama pale akahisi furaha, na nyuma ya furaha akahisi ubaridi.

Tangu hapo akaanza kumtilia shaka kila mtu. Kocha alimsalimia kwa uchangamfu uliopita kiasi. Mtunza jezi alikuwa amempa mtu mwingine sehemu yake ya kutundika nguo. Hata uji wa mama aliunusa kwanza, kisha akajionea aibu. Mwishowe akaenda kwa Daktari Mhina, mama mtu mzima aliyewatibu wachezaji tangu enzi za kupima kwa mikono.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Mbona uso umekukunjamana hivyo?"

"Nishike goti. Kwa mikono yako."

Daktari alitazama mlango, akaufunga. Aliukunja mguu wa Hatibu, akaunyoosha, akausukuma huku na huku. Alichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mikono yangu haihesabiki siku hizi," alisema. "Mimi nasaini kinacholetwa na gango."

"Sikukuuliza kinachohesabika, mama."

Akamwonyesha dirisha. Kule nje buluu ilikuwa imegusa mstari mweupe. "Ukipona leo, mshahara wako unarudi mle. Mwanga unavuka. Lazima mmoja atolewe, na kanuni inasema anatoka aliyeingia wa mwisho."

Aliyeingia wa mwisho alikuwa Twalibu.

"Na gango, nani anaweza kuliambia la kusema?"

"Linapangwa asubuhi, linapowashwa," alisema daktari, akanawa mikono. "Mimi siliwashi."

Jioni Twalibu alirudi, akapiga magoti mbele ya kiti cha kaka yake kama kawaida, akaweka kidole gumba kwenye gango. Lilifunguka. Akaliweka mezani.

"Goti vipi, kaka?"

Hatibu alikuwa amejiandaa njia nzima. Aliomba awe amekosea. "Leo linauma vibaya," alisema.

Twalibu alishusha pumzi. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyetua mzigo, na haikumkalia vizuri mtu aliyesikia habari mbaya.

"Pole, kaka. Usijali, usiharakishe tu."

"Hujaniuliza linauma wapi."

Pale mezani, likiwa wazi na halina mguu ndani yake, gango liliwaka taa nyekundu ikasikika ile sauti ya upole: "Kano haijaunga. Pumzika."

Wote wawili walilitazama.

"Mshahara wako haukupungua hata kidogo," Twalibu alisema akitazama sakafu. "Viongozi wa klabu waliniambia ni msimu mmoja tu, kaka. Mwakani mikataba ya wazee inaisha, nafasi inapatikana, tunacheza wote. Mama amefurahi jinsi ile. Ningemwambia nini?"

Hatibu alimpenda sana mdogo wake, na ndiyo maana alikasirika zaidi. Alikuwa na umri ambao washambuliaji huanza kuagwa kwa mashada na hotuba.

"Msimu mmoja," alisema, "ndio niliokuwa nimebaki nao."

Aliinuka, akatoa viatu vyake vya mpira chini ya kabati, akavipangusa vumbi kwa kiganja.

"Kaka, ukienda kwa watu wa Ligi sasa hivi, mimi kesho sina timu."

"Najua."

Lifti ilikuwa imeshatengenezwa, lakini Hatibu alishuka kwa ngazi. Twalibu alibaki amepiga magoti mbele ya kiti kitupu, akisikiliza nyayo za kaka yake zikikimbia ghorofa baada ya ghorofa, na hakuna hatua hata moja iliyochechemea.