Kiwavi Mdomoni mwa Shomoro

Mwaka 2013, mwishoni mwa kiangazi, shomoro walijenga viota katika matundu matatu ya ukuta wa stoo ya shule, kando ya bustani ya kabichi. Kila asubuhi kabla ya kengele, wanafunzi wa darasa la sita walimwagilia miche kwa zamu. Wiki hiyo zamu ilikuwa ya msichana wa miaka kumi na miwili ambaye wenzake walimwita Kipingamizi, kwa kuwa hakuwahi kupokea agizo bila kuuliza sababu yake.

Jumatatu, akiwa na ndoo yake ya rangi ya waridi, alimkuta mtunza bustani akikoroga saruji.

"Shikamoo, mzee. Saruji ya nini?"

"Marahaba. Ya kuziba matundu. Hao ndege wako wananimalizia kabichi."

"Kabichi zinaliwa na viwavi, na shomoro ndio wanaowala viwavi! Mzee, unasema uongo!"

Neno hilo lilifika mpaka ofisini. Mwalimu mkuu alitoka, miwani mkononi.

"Mwalimu, shomoro hizi hazili kabichi," Kipingamizi alisema kabla hajaulizwa.

"Shomoro *hawa hawali*," mwalimu mkuu alimsahihisha, maana hakuvumilia kosa la sarufi hata katikati ya ugomvi. "Ni viumbe hai, si meza."

"Kama ni viumbe hai, mwalimu, mbona tunawazibia mlango na watoto wao wamo ndani?"

Mtunza bustani alikohoa ili kuficha kicheko. Mwalimu mkuu hakucheka.

"Niletee picha inayoonyesha wazi kilichomo mdomoni mwa ndege, kabla ya kengele ya Ijumaa. Usipoileta, matundu yatazibwa. Na kwa neno ulilomwambia mtu mzima, utamwomba radhi."

"Nitamwomba nikishindwa."

"Utamwomba hata ukishinda."

"Na mimi," mtunza bustani alidakia, "akiileta, nitamwagilia wiki nzima ijayo kwa hiyo ndoo yake ya waridi, shule yote ikitazama!"

Shangazi yake Kipingamizi alikuwa na studio ya kupiga picha za pasipoti: chumba kimoja, kigoda kimoja na kitambaa cheupe ukutani. Alimwazima kamera ndogo ambayo lenzi yake hujitokeza mtu anapovuta kitu cha mbali. Jumanne msichana alisimama langoni mwa bustani, akavuta mpaka mwisho, akapiga picha arobaini. Jioni walizitazama kwenye kompyuta.

"Huyu ni shomoro au kiazi?" shangazi aliuliza.

"Lakini nilivuta mpaka mwisho!"

"Ndilo kosa lako. Uone mstari huu mdogo kwenye kioo cha kamera. Mpaka hapa, lenzi yenyewe ndiyo inayovuta. Ukiupita, kamera inaitanua tu picha iliyokwisha kuipata, kama fulana inayovutwa mpaka maandishi yake hayasomeki. Tena mkono ukitetemeka kidogo, picha nzima inatetemeka. Ishia kwenye mstari, kisha msogelee ndege kwa miguu yako. Egemeza viwiko. Bonyeza kitufe nusu mpaka kamera ilenge jicho lake, ndipo umalizie. Kilichobaki cha kuvuta ni subira."

"Subira yangu inaisha Ijumaa, shangazi."

Jumatano alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hatua sita kutoka ukutani. Shomoro walipiga kelele juu ya paa, wakakataa kushuka. Alirudi nyuma hatua nne, wakashuka. Alhamisi alisogea hatua mbili, nao hawakuruka. Picha zilianza kutulia, lakini jua lilichomoza nyuma ya stoo, na mdomo wa ndege ukawa kivuli kitupu.

Mchana huo mwenzake wa dawati moja, aliyeitwa Mrefu, alimletea kalenda ya zamani. Humo mlikuwa na ndege aliyeshika kiwavi.

"Ipige picha hii. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na huyu hana kiota katika stoo yetu."

"Basi kesho saruji."

"Kesho bado haijafika. Ondoa kalenda yako."

Baada ya masomo alirudi bustanini. Sasa jua lilikuwa mgongoni mwake, nalo liliuangaza ukuta wote. Alisogea tena mpaka hatua sita kutoka ukutani, akaegemeza viwiko juu ya mfuko wa mchanga. Miguu ilikufa ganzi. Shomoro jike alitua mlangoni mwa tundu, akageuza kichwa. Kipingamizi alibonyeza nusu, akazuia pumzi, akamalizia.

Ijumaa, kabla ya kengele, mwalimu mkuu aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Jicho la ndege lilimeta. Kila unyoya ulihesabika. Mdomoni alining'inia kiwavi wa kijani, na hata vijiguu vyake vilionekana.

"Kila siku niliwaona ndege hawa ndani ya kabichi," mtunza bustani alisema polepole. "Nikadhani wanazila."

Kipingamizi alimgeukia. "Uliona kweli, mzee. Ulikosea tu, wala hukudanganya. Nisamehe kwa kukuita mwongo."

"Nimekusamehe, mwanangu."

"Matundu hayatazibwa," mwalimu mkuu alitamka. "Nawe usikilize. Kupinga si kosa, nitasikitika ukiacha. Lakini anayepinga ana wajibu wa kusogea, kutulia na kuonyesha ukweli ulio wazi. Jumatatu ulitupa sauti tu. Leo umetupa ushahidi, tena wa kwako mwenyewe."

Jumatatu iliyofuata shule nzima ilijipanga kando ya bustani. Mtunza bustani alipita kati ya matuta, kofia kichwani, ndoo ya waridi mkononi.

"Mzee, umeruka mche!" Mrefu alipaza sauti.

"Ngoja nirudi," alijibu mtunza bustani, akainama, akaumwagilia.